Mkono Ulioshika Chaki

Wadogo zangu wa idara ya fizikia, mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau. Mmeniomba kwa adabu, kwa hiyo sitawauliza kwa nini mnadhani nimeshaanza kusahau. Nimestaafu tangu msimu wa mvua uliopita. Asubuhi ninakunywa chai bila kutazama saa, halafu natia mkono mfukoni kutafuta chaki na sikuti kitu. Habari za vyeo sitaandika. Vingine vilikuja kwa kuchelewa, vingine havikuja kabisa, na wanaojua sababu wako mbali. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa, na hasa kesi ya Nsimire, maana nasikia mnaisimulia vibaya huko kwenye korido. Hakuna aliyelia, na mimi sikupiga meza.

Siku yangu ya kwanza kama msaidizi nilifika nimevaa shati jeupe. Nilitoka kijiji kimoja nyuma ya Lwiro, na mama yangu alilipiga shati lile pasi ya makaa mpaka likasimama lenyewe. Aliyenipokea ni Abbé Gervais, padri aliyefundisha hesabu na fizikia, mzee mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Hakunionyesha ofisi. Alinionyesha beseni lenye betri kuukuu za redio, akaniambia nizivunje, nitoe ule unga mweusi wa ndani, niuchanganye na makaa na majani ya viazi vitamu yaliyotwangwa, kisha nipake ubao. Nilipaka siku nzima. Shati lile halikuwahi kuwa jeupe tena, lakini ubao ule ulishika chaki vizuri kuliko hizi mbao zenu nyeupe zinazong'aa kama sufuria mpya na hazisomeki mtu akikaa karibu na dirisha.

Chaki nayo ilikuwa na matatizo yake. Mvua za Bukavu mnazijua. Chaki ikinyonya unyevu haiandiki, inapaka uji. Abbé Gervais aliweka mbabula, jiko la makaa, nyuma ya darasa, si kwa ajili ya baridi ya wanafunzi, hapana, kwa ajili ya chaki. Ilipangwa kwenye kifuniko cha sufuria, ikakaushwa polepole, na ole wake aliyekuja kuota moto akaisukuma. Wanafunzi waliotoka Uvira, ambao baridi yetu iliwauma sana, walimwita padri wa chaki. Alijua, na hakujali.

Alinifundisha namna ya kufanya kazi ambayo sijaiacha. Hesabu yoyote ya maana ifanywe na watu wawili waliopeana mgongo, mmoja ubaoni, mwingine mezani. Hakuna kuchungulia, hakuna kunong'ona. Mnakutana mwishoni. Mkikubaliana, mnakwenda kunywa chai. Msipokubaliana, chai hakuna, mnaanza upya. Mwenzangu wa mgongoni alikuwa Déogratias, ambaye leo ninyi mnamwita Papa Déo na kumwogopa. Kijana Déo alikuwa na kichwa kigumu tangu wakati ule. Kuna hesabu tuliyoirudia mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, kwa sababu alikataa kukubali kwamba aliruka alama ya kutoa.

Jambo jingine alilotufundisha padri ni kidole gumba. Hili mlilipata mwaka wa kwanza, lakini nitalisema tena, maana kesi nzima iko hapo. Unachora mshale wa kwanza ukielekea kulia. Unachora wa pili ukielekea juu. Wa tatu hauchorwi hovyo. Unainua mkono wa kulia, unaelekeza vidole kwenye mshale wa kwanza, unavikunja kuelekea wa pili, na kule kidole gumba kinakotazama ndiko uendako mshale wa tatu. Ukifanya sawasawa, mshale wa tatu unatoka ubaoni na kukutazama wewe usoni. Baada ya hapo kurasa zote za hesabu zinafuata mishale hiyo mitatu. Hakuna anayerudi kuikagua. Ni kama msingi wa nyumba, watu wanakagua bati.

Mnaniuliza mara nyingi jinsi watu wa Bukavu walivyofika kwenye mwanzo wa ulimwengu. Jibu ni kwamba hatukuwa na vyombo vya kufikia mahali pengine. Maabara inataka umeme, na umeme wetu una tabia zake. Darubini inataka anga wazi, na anga letu ni mawingu. Nadharia inataka ubao, mtu wa kukupinga na chai. Makala tulizipakua kwenye kafe moja pale Ibanda, tukazibeba kwenye ufunguo wa USB, tukazisoma nyumbani umeme ulipotaka. Siku hizi mnazisoma kwenye simu mkiwa juu ya moto-taxi, na bado mnaniambia hamjapata nafasi ya kuzisoma.

Basi. Wataalamu wengi wanakubali kwamba pale mwanzo kabisa, ndani ya muda mfupi usiosemeka, ulimwengu ulitanuka kwa kasi ya ajabu. Ugomvi uko kwenye swali moja tu: ni nini kilichoutanua? Wengi wanaweka kitu kisicho na mwelekeo, kama joto la chumba. Joto lina kiasi, halitazami upande wowote. Sisi tulifuata wale wachache waliosema huenda kazi hiyo ilifanywa na vitu vyenye mwelekeo, kama upepo. Kwa Kifaransa cha kazi tunaviita champs de jauge. Mke wangu aliposikia kwamba nashinda kwenye machamp, neno ambalo kwa Kifaransa ni mashamba pia, aliniuliza tunapanda nini.

Mara moja mtu mwenye akili atapinga. Kama upepo ulivuma upande mmoja, ulimwengu ungevutika upande huo, na sisi tungeuona umepinda. Lakini anga, ukiitazama pande zote, inafanana. Dawa yake ni nzuri, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Unaweka pepo tatu, kila moja kwenye mshale wake, zote zenye nguvu sawa, na sheria zao za ndani zinazifunga pamoja kiasi kwamba ukigeuza chumba, majina yao yanageuka nacho na hakuna upande unaopendelewa. Mafiga matatu yenye kimo kimoja, chungu kinakaa sawa. Nilipoielewa kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu darasani na nilicheka kwa sauti. Mfagiaji alichungulia akaondoka.

Sitatia chumvi. Toleo la kwanza la wazo hilo limekwisha kufa. Vipimo vya mwanga wa zamani wa anga vililikataa, tukalizika. Likabaki kundi la ndugu zake, matoleo ambamo pepo hizo hazifanyi kazi yote peke yazo, na hayo mpaka leo yanapumua. Yote yana tabia moja isiyopatikana kwenye mifano ya kawaida. Mifano ya kawaida, ukiitazama kwenye kioo, ni ileile. Hii yetu siyo. Pepo zetu zinaitingisha anga yenyewe, na mawimbi yanayotoka yanajizungusha yakisafiri, kama parafujo. Yako ya mkono wa kulia na yako ya mkono wa kushoto, na mfano wetu unakuza ya mkono mmoja na kuyaacha mengine. Siku mtu akiyaona mawimbi hayo na kukuta yameegemea mkono mmoja, tutajua. Hajayaona mtu. Nimefanya kazi maisha yangu yote juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona, na usalama wake ni kwamba hakuna aliyenionyesha kuwa hakipo.

Nsimire alikuja kwetu akitoka Kadutu, mtaa wa kule kilimani. Mama yake anauza sambaza katika soko la Kadutu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kwa kuwa Nsimire ni mtoto wake wa kwanza, kila mtu anamwita Maman Nsimire. Binti alikuwa mkimya, mwepesi wa kuelewa, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mbaya. Namaanisha mbaya kabisa, herufi zinaanguka kama zimekunywa. Nilimwambia hivyo, akaniomba msamaha, akaendelea kuandika vilevile. Karatasi alizoniletea kutoka nyumbani ziliandikwa kwa mashine, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha.

Alipofikia thèse, tasnifu yake ya udaktari, tulikubaliana achukue mmoja wa ndugu wale waliobaki hai na ajibu swali moja: kwa mfano huu, na alama hizi, ni mawimbi ya mkono upi yanayokua, na kwa kiasi gani? Mimi niliongoza. Papa Déo akawa msomaji wa pili. Na kwa kuwa sisi ni watoto wa Abbé Gervais, Mungu amlaze pema, hesabu ilifanywa na watu waliopeana mgongo: Nsimire kwao Kadutu, Papa Déo ofisini kwake. Walipokutana, kiasi kilikuwa kilekile mpaka tarakimu ya mwisho. Mkono ulikuwa tofauti. Nsimire alipata kushoto, Papa Déo alipata kulia.

Nikaifanya mimi mwenyewe, ubaoni. Nikapata kulia, kama Papa Déo. Tukamwita Nsimire, tukamwambia afanye mbele yetu tangu mwanzo. Alifanya, mbele ya macho yetu, na akapata kulia. Papa Déo akasema basi, imekwisha. Binti akarudi nyumbani, akakaa, akaifanya tena ili aandike sura yake ya mwisho, na ikatoka kushoto. Akarudi kwetu, ubaoni ikatoka kulia. Jamani, katika kazi yangu nimeona hesabu zinazokataa kutoka, lakini hesabu inayobadilika ukipanda kilima cha Kadutu sikuwahi kuiona.

Papa Déo aliona ni uchovu. Kule Kadutu kuna kelele, muziki wa jirani, watoto, moto-taxi zinaunguruma, mtu atapoteza alama hata kwenye kujumlisha. Alisema wazi kwamba hatasaini thèse ambayo haijui mkono wake, na alikuwa na haki. Bila saini yake hakuna soutenance, ile siku ya kuitetea kazi mbele ya watu. Na wakati wenyewe mnaukumbuka, wa vita. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, mjumbe wa jury ya watahini aliyetakiwa kutoka mbali hakuweza kuja, tukaunga jury na walimu waliokuwa mjini, na mmoja wao alikuwa anajiandaa kuvuka ziwa na familia yake bila kujua atarudi lini. Siku ikipita, hatungeweza kuikusanya tena jury ile. Nsimire alikuwa amesoma kwa vipande, chuo kikifungwa na kufunguliwa, na wenzake wengi walikuwa wameacha. Alikuja ofisini akasimama mlangoni. Akaniambia kwa Kiswahili chetu cha hapa, sauti ndogo:

"Papa, nitaandika kuume. Naona makosa iko kwangu."

Nilimuuliza kama anaamini, akaniomba msamaha tena. Nilimwambia angoje, asibadilishe chochote. Sikuwa na sababu ya kisayansi. Nilikuwa na hasira, hiyo tu, kwa sababu hesabu haiwezi kuwa na majibu mawili na mimi nilikuwa nakaribia kustaafu bila kuelewa.

Wiki ile masomo yalisimama, kama yanavyosimama. Nikaona badala ya kukaa nyumbani nikimsumbua mke wangu, niende Kadutu kuona hesabu inavyofanyika huko. Kijana wa moto-taxi alinifikisha mpaka pale njia inapokuwa ngazi, akacheka, akaniambia Papa malizia kwa mguu. Nilipanda nikihema kati ya nyumba, mawe yanateleza, akina mama wananipisha kwa huruma ambayo haikunifurahisha. Maman Nsimire alikuwa anaanua nguo nje. Akanionyesha mlango kwa kidevu, mikono imejaa, akaniambia mtoto yuko sebuleni anafanya kazi.

Mlango ulikuwa wazi. Nsimire ameketi mezani, amenipa ubavu, hakunisikia. Aliandika haraka, mwandiko mzuri, uliosimama, mistari imenyooka. Nilishangaa kwanza mwandiko. Halafu nikaona mkono. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Nilimfundisha tangu mwaka wa kwanza na sikuwahi kujua. Akachora mshale wa kwanza, akachora wa pili, na mkono wa kulia, uliokuwa huru, ukainuka wenyewe, vidole vikakunjika, kidole gumba kikatazama uso wake. Sawasawa kabisa.

Nilimwita kwa jina. Aligeuka, na kabla hajasimama kunisalimu kalamu ilikuwa imeshahamia mkono wa kulia. Aliihamisha upesi, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Nikamwambia airudishe, aandike kama alivyokuwa akiandika. Akatazama chini. Mama yake alikuwa ameshaingia nyuma yangu na beseni la nguo, akaona kilichotokea, na aibu ikamshika yeye kuliko binti.

"Papa Prof, unisamehe," akasema. "Hii mukono niliifunga na kitambaa tangu alikuwa mutoto. Nilizani iliisha."

Nilimwambia sijakuja kudai adabu. Niliomba karatasi, nikaketi, nikachora mshale wa kwanza na wa pili kama nilivyofanya maisha yangu yote, bila kufikiri. Kalamu ilikuwa katika mkono wangu wa kulia. Na mkono ulioinuka ni ule usio na kazi. Ulikuwa wa kushoto. Kidole gumba changu kikaelekea mezani, chini, kinyume na cha Nsimire. Nilibaki nimeuinua, nikautazama, na nadhani nilisema neno ambalo halisemwi nyumbani kwa watu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi na Papa Déo tunashika chaki kwa kulia, kwa hiyo kidole gumba tunachokiinua ni cha mkono ulio huru, na mshale wetu wa tatu umekuwa ukiingia ukutani sijui tangu lini. Mtaniuliza tuliishije. Vizuri tu. Kwenye usumaku mkono unatumika mara mbili, ukikosea mara mbili kosa linajifuta. Kwenye mifano ya kawaida ya ulimwengu, kulia na kushoto ni mamoja, kwa hiyo kosa halina pa kuonekana. Lilitulia humo kwa amani mpaka tulipochukua mfano ambao unajua mikono yake. Na Nsimire, akiwa kwao peke yake, kalamu ya mkono wa kushoto ilimwachia huru mkono unaotakiwa. Akija mbele yetu, kwa heshima, alishika chaki kwa kulia, na kosa letu likamwingia pamoja na mwandiko mbaya.

Nilijaribu kumweleza Maman Nsimire. Hakuniuliza habari za mwanzo wa ulimwengu. Alinisikiliza hadi mwisho, beseni bado mkononi, kisha akauliza:

"Kwa hiyo ile université yote iko nafanya na mukono ya kushoto?"

Nilimwambia ndiyo, maman, yote. Hakucheka. Alienda jikoni akaniletea sambaza na ugali, akakaa mbali kidogo akimtazama binti yake, ambaye alikuwa amerudia kuandika na kalamu kaiacha katika mkono wa kulia, kwa sababu mgeni alikuwa bado yupo.

Papa Déo nilimpata kesho yake. Nilimpa chaki, nikamwambia achore mishale mitatu. Alichora, akainua kidole gumba, nikamwonyesha ni cha mkono gani. Alifuta ubao wote mpaka pembeni palipokuwa hapajaandikwa kitu. Halafu akanikumbusha kwamba thèse si ya kidole changu wala chake. Mtahiniwa ametoa majibu mawili mbele ya wasomaji wake, na jury ina haki ya kujua lipi ni lake. Akaweka sharti: aifanye ubaoni, siku ya soutenance, mbele ya watu wote, mara moja. Ikitoka, anasaini. Isipotoka, inaahirishwa. Nilimwita mbishi. Lakini mngekuwa ninyi ndio wasomaji, ningewataka muwe wabishi hivyo hivyo.

Nilimshauri Nsimire aandike siku hiyo kwa mkono wake. Alinitazama kama nimemwambia aje bila viatu. Aliniuliza, mbele ya wazee, na mama yake akiwa pale? Basi tukakubaliana njia nyingine: aandike kwa kulia, akifika kwenye mshale wa tatu aweke chaki chini, ndipo ainue mkono wa kulia. Tulifanya mazoezi. Kila mara iliwezekana. Nikaamini imekwisha.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Familia ilikuja imevaa pagne, vitenge vya aina moja, na imebeba mashada ya maua na kopo la poda la kumwagia mshindi kichwani, vyote vimefichwa chini ya viti kama vile hatuvijui. Maman Nsimire alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, mikono mapajani. Nsimire alisoma muhtasari wake vizuri. Maswali ya mwanzo aliyajibu vizuri. Kisha Papa Déo akaomba ubao.

Alishika chaki kwa kulia. Mshale wa kwanza, herufi zimelewa kama kawaida. Mshale wa pili. Na hapo, badala ya kuweka chaki chini, mkono wa kushoto uliinuka. Sijui kwa nini. Watu wengi walimtazama, na mwili ukafanya ulichozoea kufanya mbele ya watu. Kidole gumba kikaelekea ukutani. Aliona mwenyewe. Alifuta, akaanza upya, akachora mishale miwili, na mkono ukainuka uleule. Mimi ni kiongozi wa thèse, sina ruhusa ya kufungua mdomo jury ikiuliza. Niliuma meno. Papa Déo alikuwa ameshika kalamu yenye kifuniko, na hakuonekana kufurahi, hilo nataka mlijue. Mwenyekiti wa jury akakohoa, akaangalia saa, akaanza kusema kwamba labda ingekuwa vyema kuahirisha.

Katika soutenance watu hawasemi. Wanakuja, wanakaa, wanangoja kuitwa kupiga makofi. Maman Nsimire alisimama. Hakupandisha sauti, lakini ukumbi mzima ulimsikia.

"Nsimire. Kamata na mukono yako."

Binti aligeuka akamtazama. Appariteur wetu, yule mtunza ukumbi, alikuwa ameshaanza kumwendea ili amketishe, na Papa Déo akamzuia kwa kiganja. Mama alibaki amesimama. Hakurudia. Aliinua tu mkono wake mwenyewe wa kushoto mpaka usawa wa bega, mbele ya wakwe zake, mbele ya maprofesa, mbele ya mapadri, akauacha hapo.

Nsimire akahamisha chaki. Alifuta ubao wote. Akachora mshale wa kwanza kwa mkono wa kushoto, umenyooka, na wa pili, umenyooka. Mkono wa kulia ukainuka, vidole vikajikunja, na kidole gumba kikatoka ubaoni kututazama sote. Akaweka mshale wa tatu pale. Kisha akaendelea bila kugeuka, mstari baada ya mstari, mwandiko ule niliouona Kadutu, na sisi wa jury tukawa tunafuata kwa macho mpaka mahali ambapo mawimbi mawili yanaachana, moja linafifia, jingine linakua. Lililokua lilikuwa la kushoto. Papa Déo alifungua kifuniko cha kalamu, akaivuta karatasi ya jury karibu.

Wanawake wa familia hawakuelewa mawimbi, ila kalamu waliielewa. Mmoja akapiga kigelegele, wa pili akadaka, kopo la poda likatoka chini ya kiti. Nsimire alikuwa bado hajamaliza mstari wa mwisho. Maman Nsimire akawageukia, mkono wake bado uko juu.

"Munyamaze," akasema. "Iko anaandika."